Triptofani ya 453: kisa cha kimeng'enya kilichopoteza uwezo wa kusoma kromatini

Jeni ya RAG2 ya binadamu iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 11, ubavuni mwa RAG1, jeni inayofanya nayo kazi moja: protini zao mbili kwa pamoja ni RAG, kimeng'enya kinachokata DNA ya seli changa za kinga ili jeni za vipokezi vyake zitungwe. Protini yake ina amino asidi 527. Kisa hiki kinahusu moja tu kati ya hizo, ya 453. Kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja amino asidi moja) iliyopo hapo kwa kawaida ni TGG, nayo huleta triptofani. T ya mwanzo ikigeuka kuwa C au A, inaingia arijinini. Badiliko hilo huandikwa W453R, na limeonekana kwa wagonjwa waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga, ukiwemo ule uitwao sindromu ya Omenn.

Nimekichagua kwa sababu moja. Kwa muda mrefu maelezo ya jinsi kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoifungasha, inavyoathiri ukataji na uungaji wa DNA katika seli za kinga yalisimama juu ya mambo mawili kuonekana pamoja: kromatini ilipolegea, DNA ilikatwa, ilipokaza, haikukatwa. Mambo mawili kuonekana pamoja hakutwambii lipi limeleta lipi. W453R inaturuhusu kuuliza kwa ukali zaidi. Hapa kromatini yenyewe ni nzima na alama zake zipo. DNA ina ishara zote za kukatia, na kimeng'enya kina sehemu yote inayokata. Kilichoharibika ni uwezo wa kimeng'enya kutambua alama moja kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka. Na mtoto hana, au karibu hana, seli B, zile zinazotengeneza kingamwili.

Ugonjwa unavyoonekana

Gilbert Omenn aliueleza ugonjwa huu mwaka 1965. Mtoto huanza kuugua katika wiki au miezi ya mwanzo ya maisha. Ngozi ya mwili mzima inakuwa nyekundu na kubanduka, nywele na nyusi zinapukutika, tezi za limfu, ini na wengu vinavimba, kuhara hakukomi, uzito hauongezeki, na maambukizi yanafuatana bila kupumzika.

Majibu ya damu yanaweza kumchanganya daktari ambaye hajawahi kuuona. Eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) ni nyingi na IgE (kingamwili ya mzio) iko juu, ilhali seli B hazionekani au ni chache mno na kingamwili za aina nyingine ziko chini. Seli za NK, aina nyingine ya seli za kinga, zipo, kwa kuwa hazihitaji RAG ili zikue. Seli T ndizo zinazopotosha. Idadi yake inaweza kuwa ya kawaida, hata kupita kawaida, na anayetazama idadi peke yake atasema kinga ya mtoto huyu haina kasoro kubwa. Akitazama zaidi ataona karibu zote zimezaliwa na seli mama chache tu, zimejizidisha, na zimebeba alama za seli zilizokwisha kuamshwa.

Kipimo kinachofichua hali hii ni kile cha TREC, na napenda kukitaja kwa kuwa kinatoka ndani ya jambo lenyewe tunalolichambua. Seli T inapokata DNA ili kutunga jeni ya kipokezi chake, kipande kilichoondolewa hujifunga kuwa duara dogo, ndilo TREC, na kubaki ndani ya seli. Duara hilo halinakiliwi seli inapogawanyika. Kwa hiyo mtoto mwenye seli T nyingi zilizotoka kihalali kwenye thaimasi, kiungo ambamo seli T hukomaa, ana maduara mengi. Mwenye seli T nyingi zilizozaliwa na chache kwa kugawanyika mfululizo ana machache au hana kabisa. Katika Omenn, TREC huwa chini mno hata pale hesabu ya seli T inaporidhisha. Kipimo hicho kinahesabu ukataji wenyewe wa DNA, hakihesabu seli.

Badiliko hurithiwa kwa namna inayohitaji nakala zote mbili za jeni ziwe na kasoro, ndiyo maana wazazi huwa wazima. Uhusiano wa jeni za RAG na ugonjwa wa kukosa seli B na T ulithibitishwa mwaka 1996, na wa Omenn ukafuata mwaka 1998.

Kazi iliyotakiwa kufanyika

Seli B na seli T hazirithi jeni ya kipokezi ikiwa imekamilika. Zinarithi vipande. Mnyororo mzito wa kingamwili ya binadamu hutungwa kutoka kwenye vipande vya V, ambavyo vyenye kufanya kazi ni takriban 40, vipande vya D zaidi ya 20, na vipande vya J 6, vyote vikiwa kwenye eneo la kromosomu ya 14 lenye urefu wa zaidi ya jozi milioni moja za besi. Kila seli huchukua V moja, D moja na J moja, hukata kilicho katikati na kuviunga. Susumu Tonegawa na Nobumichi Hozumi, wakiwa Basel, walionyesha mwaka 1976 kwamba DNA ya kingamwili imepangwa tofauti katika seli zinazotoa kingamwili na katika seli za kiinitete. Tonegawa alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987. RAG1 na RAG2 zilipatikana mwaka 1989 na 1990 kwa kazi ya David Schatz, Marjorie Oettinger na David Baltimore.

Kimeng'enya hiki hutafuta ishara iliyo kando ya kila kipande: herufi 7, pengo la herufi 12 au 23, kisha herufi 9. Hukata pale tu kinaposhika ishara mbili, moja yenye pengo la 12 na nyingine yenye pengo la 23. Sehemu inayokata iko ndani ya RAG1, lakini RAG1 bila RAG2 haikati kitu. Baada ya hapo ncha zilizokatwa huungwa na protini za kawaida za kukarabati DNA.

Sasa tazama ugumu. Ishara ni za aina ileile katika jeni za kingamwili na katika jeni za kipokezi cha seli T. Kimeng'enya ni kilekile. Hata hivyo seli T haimalizi kutunga kingamwili, wala seli B haimalizi kutunga kipokezi cha seli T. Tena mfuatano unaofanana na ishara hizo umetapakaa kila mahali kwenye jenomu, kwa kuwa herufi chache kama hizo hujitokeza zenyewe kwa bahati. Kama mfuatano wa DNA peke yake ndio ungekuwa mwongozo, RAG ingekata kromosomu ovyo. Mwongozo mwingine lazima uwepo.

Kromatini kama kizuizi

DNA ya kiini cha seli haiko uchi. Jozi 147 za besi huzunguka protini 8 za histoni, karibu mizunguko miwili, kama uzi kwenye kibiringo, na hiyo ndiyo nukleosomu. Ishara ya kukatia ikikaa juu ya nukleosomu, RAG hushindwa kuikata ipasavyo. Majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yalilionyesha hilo waziwazi katika maabara, na pia yakaonyesha kwamba kuongeza asetili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye histoni, pamoja na mashine za protini zinazosukuma nukleosomu, hurudisha sehemu ya uwezo huo.

Wazo lenyewe lilitangulia. Mwaka 1985 George Yancopoulos na Frederick Alt walikuta kwamba vipande vya V ambavyo bado havijakatwa hunakiliwa kuwa RNA katika seli B changa, hasa katika hatua ileile ambapo vinakaribia kukatwa. RNA hiyo haitoi protini ya maana. Walichokisoma humo ni kwamba eneo limefunguka. Mwaka 1996 ukaja ushahidi ulio mzito zaidi kwa maoni yangu: viini vya seli vilitolewa na kuwekewa RAG kutoka nje. Viini vya seli B changa vikakatwa kwenye jeni za kingamwili. Viini vya seli T changa vikakatwa kwenye jeni za kipokezi chao. Kimeng'enya hakikubadilika, DNA haikubadilika. Kilichotofautiana ni namna DNA ilivyofungashwa.

Maelezo yakatulia hapo kwa miaka: kromatini hufunguka, RAG huingia, kazi inafanyika. Ni kweli, lakini katika picha hiyo kimeng'enya hakina la kusema kuhusu kromatini. Kinasubiri tu kifunguliwe. W453R inaonyesha kuwa picha hiyo ina pengo kubwa.

Mkia uliodharauliwa

RAG2 nzima ilikuwa ngumu kuyeyusha na kusafisha. Wanabiokemia wakagundua kwamba wakibakisha takriban amino asidi 383 za mwanzo na kuondoa mkia, kimeng'enya bado kinakata DNA tupu vizuri. Sehemu hiyo ikaitwa kiini cha RAG2, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kemia ya ukataji ilitokana nayo. Amino asidi ya 453 iko nje ya kiini hicho. Kwa kipimo cha miaka hiyo, badiliko la W453R liko mahali pasipohitajika, na bado mgonjwa aliyelibeba anaugua sana. Hapa ndipo fumbo lilipo.

Jibu lilitoka mwaka 2007, kutoka kwa makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, moja la Oettinger na Or Gozani, jingine la Stephen Desiderio na Ranjan Sen. Mkia wa RAG2 una sehemu iitwayo PHD, umbo dogo linaloshikiliwa na zinki, ambalo katika protini nyingine hutumika kusoma histoni. Makundi yote mawili yalikuta kwamba PHD ya RAG2 hushika mkia wa histoni H3 pale laisini iliyo katika nafasi yake ya nne inapokuwa na vikundi vitatu vya methili. Alama hiyo huandikwa H3K4me3, na kwa kawaida hukaa kwenye promota (sehemu za kuanzia unakili) za jeni zinazonakiliwa. Katika seli B changa hujaa kwenye eneo la vipande vya J vya mnyororo mzito, mahali hasa ambapo kazi ya kukata huanzia.

Muundo wa fuwele ulionyesha kinachotokea. Laisini yenye methili tatu ina chaji chanya ambayo haiwezi kuivua. Inaingia kwenye mfereji mwembamba, na mojawapo ya kuta za mfereji huo ni pete bapa za triptofani ya 453, ambazo elektroni zake huvutana na chaji hiyo. Ukiweka arijinini mahali pale umefanya mambo mawili kwa pamoja: umeondoa pete, na umeweka chaji chanya inayosukumana na chaji chanya ya laisini. Kundi la Desiderio lilijaribu pia kuweka alanini, ambayo haina chaji wala pete, na uwezo wa kushika ukapotea vilevile. Kwa hiyo kukosekana kwa pete kunatosha kuharibu. Chaji ya arijinini inaongeza tu.

Ndani ya seli, RAG2 iliyopoteza uwezo huo ilishindwa kwa kiasi kikubwa kuchochea uungaji. Na watafiti walipopunguza H3K4me3 yenyewe ndani ya seli zenye RAG2 nzima, uungaji ulishuka pia. Jaribio hili la pili ndilo linalonishawishi zaidi, kwa sababu linafika palepale kutoka upande wa pili: haribu msomaji au punguza alama, matokeo yanaelekea kulekule. Kazi hiyo ilikuwa ushahidi wa kwanza kwamba kushindwa kusoma alama ya histoni kunaweza kuleta ugonjwa wa kurithi kwa binadamu.

Kuna mabadiliko mengine ya mkia wa RAG2 yanayoleta ugonjwa wa aina hii, lakini mengi yake ni mashahidi dhaifu. Yanayogonga sisteini au histidini zinazoshika zinki hubomoa umbo zima la PHD, na protini iliyobomoka inaweza kushindwa kazi kwa sababu nyingi. W453R inagusa mfereji wa kusomea. Thamani yake kwa uchambuzi iko hapo.

Je, RAG2 imepotea njia, au imeshindwa kuwashwa?

Maelezo ya kwanza yanayomjia mtu ni ya mahali. H3K4me3 huonyesha eneo, PHD hushika eneo, RAG inatua. Ukikata ushikaji huo, kimeng'enya kinazurura kwenye kiini cha seli bila kufika kinakotakiwa. Ni maelezo yenye mantiki, na yana ushahidi: ukiangalia jenomu yote, RAG2 hukaa pale H3K4me3 inapokaa, kwa ulinganifu wa karibu sana.

Mambo matatu yananizuia nisiishie hapo.

Kwanza, mwaka 2010 kundi la Schatz lilipima RAG1 na RAG2 kila moja peke yake katika seli na kukuta kila moja inaweza kufika kwenye eneo la J bila mwenzake. RAG1 hushika ishara za DNA zenyewe. Kwa hiyo kufika kwa kimeng'enya hakutegemei PHD peke yake.

Pili, H3K4me3 iko kwenye maelfu ya promota. Alama inayopatikana kila mahali haiwezi kuwa anwani ya jeni za kingamwili. Inaweza kuwa sharti, lakini si anwani.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, kuna jaribio la maabara ambalo linaondoa suala la mahali kabisa. Chukua DNA tupu yenye ishara za kukatia. Weka RAG yenye RAG2 nzima. Kisha ongeza kipande kifupi tu cha mkia wa H3 chenye methili tatu, kikielea chenyewe, bila nukleosomu, bila kushikana na DNA. Ukataji unapanda. Kipande hicho hakiwezi kukiongoza kimeng'enya popote kwenye DNA, kwa sababu hakipo kwenye DNA. Kinachoweza kufanya ni kukibadilisha kimeng'enya chenyewe. Kipande kile kikikosa methili, hakisaidii.

Hapa ndipo lile jambo lililowasumbua watafiti linapopata maana. Panya ambao mkia wote wa RAG2 umeondolewa wana seli B na T, pungufu lakini zipo. Ndani ya seli za maabara pia, kosa moja kwenye mfereji wa PHD linaweza kudhoofisha kazi kuliko kuondoa mkia mzima. Kama mkia ungekuwa msaada tu, kuuondoa wote kungekuwa ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Kosa dogo linaumiza kuliko pengo kubwa pale tu ambapo sehemu iliyobaki inazuia.

Mwaka 2015 kundi la Desiderio lilionyesha kizuizi hicho. Kati ya kiini cha RAG2 na PHD kuna kipande chenye asidi nyingi, na ndani yake kuna sehemu inayokizuia kimeng'enya kisifanye kazi. PHD inaposhika H3K4me3, kizuizi kinaachia. Walipoiharibu sehemu hiyo ya kuzuia, kimeng'enya kilikuwa kimewaka muda wote: kilishika DNA kwa nguvu zaidi na kukata kwa kasi zaidi hata bila H3K4me3.

Ukizisoma taarifa hizi pamoja, W453R inaeleweka. Kizuizi kipo, kimekaa mahali pake. Kitu pekee kilichoweza kukiachia hakisomeki tena. Aliyekosa mkia wote amekosa kiachio, lakini amekosa na kizuizi pia. Mgonjwa wa W453R amebaki na kizuizi bila kiachio. Nakiri kwamba kulinganisha panya na binadamu kuna mipaka yake, na hakuna mtu aliyezaliwa na mkia uliokatwa kwa unadhifu kama wa panya wale ili tupime moja kwa moja. Lakini mwelekeo wa ushahidi ni mmoja, na sioni maelezo mengine yanayobeba matokeo yote kwa pamoja.

Kwa hiyo ninasema kuwa kromatini hufanya zaidi ya kufungua njia kwa RAG. Ni sehemu ya kemia ya ukataji. Histoni yenye methili tatu hufanya kazi kama kiambata cha kimeng'enya.

Kwa nini mwili umejiwekea masharti haya?

Kimeng'enya kinachokata nyuzi zote mbili za DNA ni hatari kwa seli inayokibeba. Kukizuia mpaka kikutane na alama ya eneo linalofanya kazi ni ulinzi. Mkia huohuo wa RAG2 una treonini ya 490, ambayo hupewa fosfeti seli inapojiandaa kunakili DNA yake, na RAG2 ikaharibiwa mara moja. Hivyo ukataji unabaki katika hatua ya G1, kabla ya DNA kunakiliwa. Mkia uliodhaniwa hauna kazi umebeba udhibiti wa mahali, wa hali na wa wakati. Panya wenye RAG2 isiyo na mkia, wakikosa pia p53, protini inayokinga dhidi ya saratani, hupata limfoma (saratani ya seli za kinga) mapema na kwa wingi, zikiwa na kromosomu zilizoungana vibaya kwenye jeni za vipokezi. Hilo liliripotiwa mwaka 2011.

Ulinzi huu lakini una upande wake wa hatari. Kwa kuwa H3K4me3 iko kwenye promota zote zinazofanya kazi, RAG2 inakaa karibu na jeni nyingi zisizo za kinga. Uchambuzi wa jenomu za lukemia ya watoto yenye muungano wa jeni za ETV6 na RUNX1, uliotoka mwaka 2014, ulikuta DNA iliyopotea ikiwa na nyayo za RAG, na mipasuko hiyo ilikusanyika kwenye promota na enhansa (sehemu za DNA zinazoongeza unakili) zinazofanya kazi. Alama inayokiwasha kimeng'enya ndiyo hiyohiyo inayokisogeza karibu na jeni zisizopaswa kuguswa. Kinachookoa mara nyingi ni kwamba maeneo hayo yana uhaba wa mfuatano unaofanana na ishara, na kwamba vizingo vya kromatini hukiwekea kimeng'enya mipaka ya kutafuta.

Seli T zilizoponyoka

Bado tunadaiwa maelezo ya zile seli T chache zilizojizidisha. Kizuizi kisichoachia si kizuizi kamili. RAG ya W453R hubaki na mabaki ya uwezo, na mara chache seli hufanikiwa kumaliza utungaji. Seli T iliyoponyoka hivyo inatoka na kukuta mwili mtupu, usio na wenzake wa kushindana nao, wenye vijidudu vingi vya kuiamsha. Inagawanyika bila breki. Thaimasi ya mtoto huyu nayo haikukua vizuri, hivyo mafunzo ya kutoshambulia mwili yamepungua. Matokeo yake ni ngozi ile nyekundu na matumbo yanayowaka. Utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mabadiliko yaleyale ya RAG yanaweza kumpa mtoto mmoja Omenn na mwingine ugonjwa usio na seli T wala B kabisa. Jeni inatoa kiwango cha uwezo uliobaki. Bahati ya seli zilizoponyoka na maambukizi yaliyotangulia huamua sura ya ugonjwa.

Kisichoelezwa na W453R

Kisa hiki kinaeleza kinachotokea kwenye eneo la J. Hakielezi jinsi vipande vya V vilivyo mbali vinavyofika hapo, na huo ni upande mwingine wa kromatini ambao unastahili angalau aya moja. Kwa panya eneo la mnyororo mzito lina urefu wa karibu jozi milioni tatu za besi, na vipande vingi vya V havina H3K4me3 ya kutosha. Kazi za kundi la Alt na za Meinrad Busslinger, hasa kati ya 2019 na 2021, zimeonyesha kwamba kohesini, protini yenye umbo la pete, huvuta kromatini na kuipitisha mbele ya RAG iliyotulia kwenye eneo la J, hadi ishara inayofaa inapopita. CTCF, protini inayoshika DNA, huweka vituo njiani. Pax5, protini inayoipa seli B utambulisho wake, hupunguza Wapl, protini inayoondoa kohesini, ili uvutaji ufike mbali. Panya wa RAG2 isiyo na mkia huunga D na J karibu kama kawaida lakini hupungukiwa katika kuunga V na DJ. Napendelea kuamini kwamba mkia wa RAG2 unasaidia RAG kudumu pale J kwa muda wa kutosha ili V ya mbali ifike, lakini hilo nalitoa kama dhana.

Kwa anayeshughulikia mgonjwa

Matibabu yanayoponya ni upandikizaji wa seli shina za damu, baada ya kuzituliza seli T kwa dawa za kushusha kinga na kumlinda mtoto na maambukizi. Chanjo hai kama BCG hazitolewi. Dawa zinazoongeza alama kwenye histoni hazina tumaini hapa, kwa kuwa alama ipo tayari na anayekosekana ni msomaji. Kusahihisha jeni kwenye seli shina za mgonjwa ni njia inayovutia zaidi kwa mantiki, hasa ikiwa marekebisho yatafanyika mahali pake pa asili, ili RAG2 iendelee kuonekana na kutoweka kwa wakati unaotakiwa.

Na yupo mtu wa maabara anayepokea badiliko jipya la RAG2 ambalo halijawahi kuripotiwa, likiwa upande wa mkia, akitakiwa aseme kama ndilo linalomfanya mtoto augue. Akilipima kwa kimeng'enya kilichosafishwa na DNA tupu, bila mkia wa H3 wenye methili, hajaipima kazi ya PHD hata kidogo, na jibu la "kinakata" halimwambii lolote kuhusu mgonjwa. Kipimo kinachofaa kinatumia RAG2 nzima, ndani ya seli B changa zilizokosa RAG2 yake, na kipande cha kukatwa kikiwa kimepachikwa kwenye kromosomu, kimezungukwa na nukleosomu halisi. Vipimo vya namna hiyo vipo, na vimetumika kuyapanga mabadiliko ya RAG1 na RAG2 kwa kiwango cha uwezo kilichobaki.